Maji Yaliyokamuliwa

Watu husema macho hayana pazia. Ya mshonaji mmoja, abiria ndani ya gari la kijijini, yalikuwa yamefumbwa, ila masikio ndiyo yaliyokosa pazia. Kwenye kiti cha mbele yake, mama mmoja mkulima wa mboga alikuwa amembana fundi wa mtambo wa umeme wa maji, ule ambao kijiji kizima kilichimba mfereji wake kwa majembe.

"Mmeyakamua umeme maji yetu," alisema mama. "Yamebaki makapi. Mboga zangu zimenyauka."

Fundi akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Mama yangu, kwani maji ni ng'ombe? Yanaingia bombani, yanazungusha gurudumu, yanarudi mtoni vilevile. Hata tone halipungui!"

Mshonaji aliona fundi ana haki ya kucheka, ingawa kicheko kilikuwa kirefu kuliko haki yenyewe.

"Yanarudi mtoni wapi, mwanangu?"

"Pale darajani."

"Na mnayachukulia wapi?"

"Juu kule, kwenye maporomoko."

"Mimi nalima katikati."

Fundi akaokota kofia, asiivae. "Lakini mradi ni wetu sote, mama. Hata wewe si una taa?"

"Ninayo, tena inawaka vizuri. Jana niliona kwa taa hiyo hiyo mboga zilivyokauka."

Gari likasimama darajani, kituo cha wote wawili. Chini maji yalipita tele, yakinguruma. Mama akashuka na ndoo zake mbili tupu, akateremka mtoni kuteka. Fundi hakuinuka.