Ladha Iliyohama Mtaani

Benchi la nje ya mkahawa wa Khalifa Sabur, kwenye kichochoro cha Soko la Ndege mjini Kabul, hupata jua kuanzia saa tatu asubuhi, na wenye benchi lao huliwahi kabla ya jua. Mabirika arobaini ya kauri, ambayo huku hupikiwa supu, yenye nyama ya kondoo, dengu na mafuta ya mkia yanakuwa yamefukiwa kwenye makaa tangu alfajiri. Hakuna wa kula kabla ya adhuhuri, basi iliyobaki ni chai ya kijani na maneno. Siku ile theluji ya mwisho ilikuwa ikidondoka kutoka paani tone kwa tone, ndege wa kuuzwa wakiimba kila mmoja wimbo wake, na Khalifa mwenyewe, jina wanalopewa mafundi wakubwa wote wa huku, alikuwa ameegemea mwimo wa mlango, macho nusu yamefumba. Watu walidhani amesinzia. Hakusinzia. Alikuwa akisikiliza, maana maneno yalimhusu yeye.

Aliyeanza ni Kware, aliyepewa jina hilo kwa ajili ya kware wake asiyeachana naye, ndani ya tundu lililofunikwa kitambaa.

— Mimi nasema leo, nikinuniwa ninuniwe. Chakula cha humu kimebadilika.

— Tangu baridi ilipoisha, — akasema Injinia, fundi wa redio. — Ni maji. Mwaka huu theluji iliyoyeyuka ni ya mlima mwingine.

— Mlima gani?

— Mwingine. Mimi sijaenda kuuliza jina lake.

— Acha maji yako, — akasema Kware. Ni kondoo. Zamani kondoo alikuja Kabul kwa miguu, siku ishirini, anakula kila jani la njiani. Siku hizi anapanda lori. Nyama ambayo haijatembea ina nini cha kukuambia?

Mzee Kiraka, ambaye kazi yake ni kuunga mabirika yaliyopasuka kwa vipande vya waya, alimimina chai taratibu kabla ya kusema.

— Mabirika, wanangu. Humu ndani kuna sita mapya, sijayagusa. Birika lisilopasuka hata mara moja halijui kushika ladha. Linaiacha inapita tu.

— Mzee, wewe unatafuta kazi.

— Natafuta ladha. Kazi ninayo.

Khalifa alitabasamu bila kufumbua macho. Homa iliyomlaza wakati wa baridi ilipomtoka, ilitoka na pua yake na ulimi wake. Nyama ilikuwa kama kitambaa kilicholowa, chai kama maji ya moto. Mkewe Shahgul ndiye pekee aliyejua. Khalifa alikuwa akipika kwa mazoea ya mkono: kiganja cha dengu, chumvi ya ncha za vidole mara tatu, kitunguu kimoja. Lakini vitunguu havifanani, na kondoo hawafanani, na mkono hauonji. Akisinzia tu, pua ilimrudia. Alisikia harufu ya mvua kwenye ukuta wa udongo nyumbani kwa mama yake, na mafuta yakilia juu ya makaa, na giligilani iliyotoka kupondwa. Akifumbua macho, hakuna kitu. Wateja walikuwa wamepungua, naye alikwisha kumwambia Shahgul kwamba baada ya Nauruzi, mwaka mpya wa huku, atafunga.

— Mnajua ninavyofikiri? — Injinia alikuwa ameshusha sauti. — Hatujaharibikiwa na kitu. Ladha imehama.

— Imehamia wapi?

— Hesabuni walioondoka mtaa huu. Kila mmoja alipita hapa kula mara ya mwisho, au sivyo? Aliondoka na harufu kwenye shali, kwenye ndevu. Kidogo kidogo. Watu wangapi hao?

Hakuna aliyecheka. Kware aliweka mkono juu ya tundu.

— Mdogo wangu yuko Hamburg, — akasema. — Amefungua mkahawa. Ananiambia, kaka, chakula changu ni kilekile cha kwa Khalifa, sijui kimefikaje.

— Si unaona?

— Basi iko Hamburg.

— Na Mashhad.

— Na Peshawar kidogo, — Mzee Kiraka akaongeza. — Iliyobaki hapa ni ya kushikilia nafasi.

Khalifa aliinuka akaingia ndani. Aliyatazama mabirika yaliyopangwa kwenye makaa, akaona mvuke, akarudi mlangoni. Mambo ni shwari, akawaambia. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka kwao kwenda uani, na wao walikuwa bado Hamburg.

Ndipo alipotokea mtu mwenye begi begani, akipitia upande wa uani, mgeni kutoka Badakhshan kwa matamshi yake. Alisalimia, akauliza:

— Samahani, wazee wangu. Kinachoungua humo ni cha nani?

Waligeuka wote kumtazama Khalifa. Alikuwa amesimama mlangoni, karibu na makaa kuliko wao wote, na ndiyo kwanza ametoka ndani.

— Hukusikia harufu, ndugu yangu? — mgeni akamuuliza kwa upole.

Kware alimpita Khalifa mbio, Injinia nyuma yake, wakaanza kuyavuta mabirika kwa koleo. Safu ya nyuma, mabirika manane, supu ilikuwa imekauka na dengu zimegeuka makaa. Mengine yalipona. Khalifa alikaa kwenye gunia la vitunguu.

— Sisikii, — alisema. — Tangu ile homa. Sisikii harufu wala ladha. Nimewalisha kwa kubahatisha, nisameheni.

Mzee Kiraka aliketi chini pembeni yake, magoti yakilalamika. Kware ndiye aliyemega mkate, akafungua birika moja, akachovya, akaonja.

— Chumvi haijafika, — akasema.

Khalifa akainuka, akatia chumvi kwa ncha za vidole.

— Sasa?

— Bado kidogo. Hapo. Na giligilani, Khalifa, umeisahau kabisa.

Wakapita birika kwa birika, mmoja anaonja, mmoja anatia, mpaka adhana ya adhuhuri ikawakuta. Mgeni alipewa bakuli la kwanza. Alikula, akainua bakuli akanywa mchuzi wote, akaomba mkate mwingine.

Khalifa alikaa mbele ya Kware.

— Niambie, — alisema. — Ina ladha gani?

Kware, ambaye tangu asubuhi hakukosa neno, alimtazama Injinia. Injinia alimtazama Mzee Kiraka. Mzee Kiraka akatazama chai yake.

— Ngoja, — Kware akasema.

Akamega mkate tena, akachovya, akafumba macho, akatafuna polepole sana. Khalifa aliinama mbele kumtazama taya, na mate yakamjaa mdomoni, mara ya kwanza tangu ile homa.