Bi Sikudhani na Nafasi Inayobaki Chini ya Karatasi

Ukimtoa mtu mmoja, jambo hili sijapata kumwambia yeyote, hata mama. Yule Mtoto wa Mahege, ambaye visa vyake vilikuwa vikitokea chini ya karatasi ya matangazo ya chama chetu cha wakulima wa korosho, ni mimi. Ninalisema leo kwa sababu Jumamosi hii, tarehe 30 Julai 1994, Bi Sikudhani Mshamu, mpiga chapa wa chama, anaondoka baada ya miaka ishirini na mitatu ya kazi. Tangazo linasema anastaafu. Mwenyekiti wetu, Bwana Saadi, ameniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya ratiba ya sherehe, kwa kuwa nasifiwa kwa Kiswahili huko shuleni. Ameniagiza uwe wa kuchangamsha. Amesema pia hana haja ya kuupitia kwanza, kwani mtoto mpole kama mimi ataandika nini.

Bi Sikudhani alizaliwa Mtawanya. Alijifunza kupiga chapa Dar es Salaam, akarudi akiwa anaweza kupiga chapa huku akigombana na mtu aliyesimama mlangoni, bila kukosea upande wowote. Aliajiriwa mwaka 1971. Vyama vya ushirika vilipovunjwa, alibaki na mashine ile ile katika ofisi ya kijiji. Viliporudishwa, alirudi nayo. Wenyeviti wamekuja na kuondoka, wengine kwa kura na wengine kwa kukimbia. Yeye alikuwapo.

Kila wiki ya msimu alikata stensili ya matangazo: bei, siku za kupima, dawa ya mikorosho, na misiba. Kwa wasioijua kazi hii, stensili ni karatasi laini yenye nta. Herufi za mashine huitoboa, na katika mashine ya kurudufu wino hupita kwenye matundu. Ukiipiga herufi ya o kwa hasira, katikati yake hudondoka, na karatasini linatoka doa jeusi. Bi Sikudhani alipiga o kwa upole hata siku ambazo hakuwa na upole na mtu.

Matangazo hayakujaza ukurasa. Chini palibaki nafasi, siku nyingine ya kiganja, siku nyingine ya vidole viwili. Ofisi nyingine zingeiacha. Yeye alisema, “Karatasi ni ya wakulima. Siwezi kuwapa nusu tupu.” Basi alikuwa akikusanya visa vifupi kutoka kwa yeyote aliyeandika, akaviingiza pale. Watu waliviita visa vya mkiani. Vilisomwa maghalani, na kwenye foleni ya wagonjwa hospitalini Mchukwi. Wakata mikoko wa visiwani viliwafikia kwenye karatasi zilizofungiwa sukari, wakavisoma hivyo hivyo. Mmoja wao aliwahi kumtuma muuza sukari: “Mwambieni huyo Mtoto wa Mahege amrudishe yule mke kwa mumewe, anatunyima usingizi.” Sifa niliyopata maishani ndiyo hiyo, na sikuweza hata kumwonyesha mtu kuwa nimefurahi.

Nilimpelekea kisa cha kwanza nikiwa darasa la sita. Alikisoma bila kuniambia nikae.

“We mtoto, mtu wako huyu kaamka, kanawa, kavaa, kafunga mlango. Ataanza lini kufanya jambo?”

Akachukua kalamu, akafuta kila kitu mpaka pale mtu wangu alipofika mtoni.

“Haya. Sasa ndiyo kaamka.”

Nililia njia nzima mpaka Mahege. Wiki iliyofuata nikapeleka kingine, na hicho kilianzia mtoni.

Sasa nifike kwenye kisa cha mzani, ambacho wengi mnakikumbuka. Kilitoka msimu uliopita, wakati wanunuzi binafsi walipoanza kuja na magari yao na kila mtu akawa anazungumzia vipimo. Kilikuwa hivi:

Mzani wa ghala letu ulisikia adhana, ukaona haya. Asubuhi ukaanza kusema kweli. Mpimaji akaupiga teke, ukasema kweli. Akaufunika gunia, ukasema kweli. Mchana wakaja na spana.

Kwa kawaida Bi Sikudhani aliweka mstari wa nyota kati ya matangazo na kisa. Wiki hiyo nafasi ilikuwa finyu na nyota hazikuingia. Nanyi mnajua karatasi inavyosomwa ghalani: mmoja mwenye macho mazuri anawasomea wengine, kwa pumzi moja. Akasoma siku za kupima, akapitiliza mpaka kwenye mzani uliotubu. Kesho yake Mzee Bwanaheri alifika na magunia ambayo yalikwisha kupimwa, akataka yapimwe tena.

“Nimefuata mzani mpya.”

“Mzee wangu, hakuna mzani mpya hapa,” akajibu mpimaji.

“Basi nipeni ule ule wa zamani uliotubu.”

Nyuma yake palikuwa na foleni, na baba yangu alikuwa katika foleni hiyo. Mwenyekiti akaja ofisini mbiombio, mlango wazi, watu wote wanasikia.

“Nani kawaambia watu kuwa mzani umeanza kusema kweli?”

Bi Sikudhani hakuinua macho kwenye mashine. “Ni kisa tu, Mwenyekiti. Kwani siku zote ulikuwa unasema nini?”

Watu walicheka hadi wengine wakakaa juu ya magunia. Naamini kicheko kile ndicho ambacho hakikusamehewa, wala si kisa.

Aliulizwa Mtoto wa Mahege ni nani. Alijibu kuwa Mtoto wa Mahege anakaa Mahege. Aliulizwa tena mbele ya kamati, akaambiwa akilitaja jina mambo yataisha. Akasema yeye ni mpiga chapa, si mpiga ramli. Mwezi Machi kamati ikatangaza kuwa biashara imekuwa huria, chama kinapata hasara, na watumishi lazima wapunguzwe. Amepunguzwa mmoja. Mpimaji bado yupo. Mzani nao upo, na sijasikia kuwa umetubu.

Karatasi ya matangazo imefutwa pamoja naye. Tangu hapo nimetafuta mahali pengine pa visa vyangu. Watu wanasema huu ni wakati mzuri, magazeti yamekuwa mengi kuliko embe, na kweli muuza magazeti wa pale stendi ya Kibiti kamba yake imejaa. Nimeyaandikia mengi. Moja lilinijibu: hadithi yako imekwisha kabla haijaanza, tuletee ya kuendelea, yenye mapenzi na mauaji. Mengine hayakujibu. Nikamwendea Mwalimu Haruna, anayesimamia gazeti la ukutani shuleni. Alinionea huruma. “Mwanangu, ukuta umepata mdhamini,” alisema. Nilikwenda kutazama. Pale tulipokuwa tukibandika insha pamechorwa chupa ya soda, kubwa kuliko mlango. Kila mtu sasa ana ruhusa ya kununua, kuuza na kuchapa. Nilichokuwa nikiomba mimi ni nafasi ya kiganja.

Mashine ya kurudufu nayo imeuzwa. Mnunuzi ataichukua Jumatatu. Ratiba hii mliyoshika ndiyo kazi yake ya mwisho, na kwa kuwa chama hakina mpiga chapa mwingine, Bi Sikudhani anapiga chapa wasifu wake mwenyewe. Hakuna aliyeona jambo hilo kuwa la ajabu.

Kwa niaba ya wote waliowahi kuandika mkiani, nakushukuru, Bi Sikudhani, kwa kila ulichofuta na kwa jina moja usilolitaja. Upate mavuno mema huko Mtawanya, na jirani anayekusalimu kwanza. Usikose kitu cha kusoma.

Wasifu ulikuwa uishie hapo, na chini yake nilikuwa nimeandika Mtoto wa Mahege. Leo asubuhi nimempelekea ofisini. Ameusoma amesimama. “Sifa zote hizi za nini? Mie sijafa.” Amekata aya mbili nzuri kuliko zote, amepiga chapa yaliyobaki, na chini ya ukurasa huu wa pili pamebaki nafasi. “Jaza,” ameniambia. “Na baba yako je, anajua?” Nimemjibu kuwa baba atasoma Jumamosi pamoja na wengine. Amefuta lile jina la Mtoto wa Mahege, akanitazama. Nimezungusha mpini wa mashine mpaka nakala zote za ukurasa wa kwanza zikatoka, nikazitandaza karatasi sakafuni zikauke. Kisha nimerudi mezani kwake nikamtajia jina langu herufi kwa herufi, naye akapiga zile o polepole.

Muzdalifa Mtoro, Mahege.