Lori Linalovuja Upepo Usiku Tu

Benchi langu la kahawa lipo pale ukuta wa yadi ya malori unapopinda, na kwa kuwa mguu wake mmoja ni mfupi tumeukingia kipande cha tairi. Madereva hukaa hapo wakisubiri mizigo; mimi namimina, wao wanabishana. Jioni hiyo ubishi ulikuwa wa Breki, dereva wa safari ndefu, mwanaume mpole, hata akifukuza nzi hufukuza kwa adabu. Kesho alfajiri alikuwa anaondoka, na tangu arudi hajalala kwake hata usiku mmoja. Giza likiingia anabeba shuka, anapanda kwenye lori, eti linavuja upepo, na upepo ukiisha breki zinashika, lori haling'oki, kwa hiyo lazima alilinde. Asubuhi mkewe kamwambia, wala hakupandisha sauti: ukiondoka tena hujalala na mimi, ukirudi utakuta kufuli. Basi benchi zima likaibeba kesi.

— Nimepaka povu la sabuni kila kiungo, alisema Difu, fundi wetu, mikono myeusi hadi viwikoni. Paipu, mitungi, valvu, vyote. Kungekuwa na tundu, povu lingechemka. Limetulia tuli.

— Ulipaka mchana, Breki akamjibu. Mchana halivuji.

— Kwani upepo una saa?

— Bibi, mwambie huyu aache dharau.

Mimi nilimwongezea kahawa tu.

Mzee Kilima akajiweka sawa. Huyu aliendesha malori mpaka macho yakamkatalia. Siku hizi anaendesha kwa mdomo.

— Difu, mwanangu, wewe unajua vyuma, malori huyajui. Usiku kuna baridi. Mpira unasinyaa, upepo unapata njia. Mimi nilikuwa na lori langu, ukilipaki kwenye mteremko linavuja, ukilipaki tambarare halivuji. Kumbe halipendi kutazama chini.

— Lilikwambia?

— Nilikaa nalo mpaka nikalielewa. Nyie vijana mnafungua boneti kabla hamjasalimia.

Turubai naye akaingia. Ni dereva mwenzao, mnene, na akikaa benchi linajua.

— Mnazunguka bure. Lori limezoea mtu. Safari nzima mnapumua pamoja, halafu mnafika, unashuka unakwenda zako. Nalo linashusha pumzi. Ndiyo huo upepo mnaousikia.

— Hapo sasa, akasema Breki, uso umemchangamka. Huyu kasema kitu.

— Kwa hiyo ukilala ndani haliwezi kuvuja, Difu akauliza.

— Haliwezi.

— Na wewe umelala ndani siku zote hizi. Sasa mbona kila asubuhi unanijia unasema limevuja?

Breki akakizungusha kikombe.

— Kile kitanda cha nyumbani kimetulia mno, akasema polepole. Nikilala naona kama nimesimama katikati ya barabara na magari yanakuja. Likizo iliyopita nilikanyaga klachi usingizini. Nilimpiga mama watoto kwenye ugoko, akaamka analia, na mimi nikajifanya bado nimelala.

— Hujamwambia?

— Nimwambie nini, Difu? Kwamba mimi nimerudi ila mguu bado uko njiani?

Hakuna aliyecheka. Ikabidi niseme mimi, maana hayo nayajua. Marehemu mume wangu alikuwa akinishika goti usingizini, anabadilisha gia. Akifika gia ya nne ananiambia kwa sauti nzuri kabisa, "Hapo sasa linavuta." Basi nami najinyamazia, tunapanda mlima wetu mpaka kunakucha.

Hapo ndipo waliponicheka mimi, na hata Breki akatoa meno. Kumbe mkewe alikuwa pale kwenye kona ya ukuta, ameshasikia yote. Akajitokeza, kanga begani, mto wa kulalia kwapani.

— Shikamoo, Bibi.

— Marahaba, mwanangu. Karibu kahawa.

— Sikai. Nina swali moja tu kwa hawa madereva wako. Kile kitanda kilichoko nyuma ya usukani, kinatosha watu wawili?

Atakayesema kinatosha ataulizwa amejuaje. Atakayesema hakitoshi anamrudisha mwanamke wa watu na mto wake. Turubai aliinamia kikombe kama amedondosha kitu ndani. Mzee Kilima akakohoa kikohozi kikavu ambacho sijawahi kukisikia kwake. Difu, ambaye hata dereva si dereva, akakumbuka kuna spana ameisahau chini ya tela, akaondoka na kikombe changu.

— Jamani, swali gumu hilo?

Breki alisimama, akampokea mto, akaukumbatia kifuani kama mtoto.

— Mama watoto, kwa kweli mimi sijui.

Mkewe akalipima jibu lake kama mtu anavyopima kitambaa.

— Haya, tangulia ukafungue mlango, akasema. Mimi nalala upande usio na klachi.