Penalti Aliyoikataa Valentin Bahizi

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Gisenyi mjini, mlioko Rugerero, na hata ninyi wa ng'ambo ya barrière ya mpakani, pale Goma, karibuni tukae pamoja. Wewe mwenye moto, simamisha pikipiki yako pembeni kwanza, abiria atakuvumilia. Leo tunamkumbuka Valentin Bahizi, mshambuliaji, Mfaransa wa kuzaliwa, tuliyemzika jana Rugerero. Alikuwa na miaka thelathini na sita.

Nasema Mfaransa wa kuzaliwa kwa sababu hapa mjini kila mtu alimwita alivyotaka. Akifunga, alikuwa mtoto wetu. Akikosa, alikuwa muzungu. Ndivyo tulivyo, tusidanganyane.

Valentin alizaliwa Roubaix, kaskazini mwa Ufaransa. Mama yake ni Mfaransa wa mji huohuo. Baba yake, marehemu Bahizi, alitoka hapa Rugerero akiwa kijana kwenda kusoma, akabaki kulekule. Mtoto alijifunza mpira kwenye lami, nyuma ya maghorofa, mahali ambapo ukianguka goti linabaki chini. Alipofika miaka kumi na sita alichukuliwa na kituo cha kukuza vipaji. Bao lake la kwanza la kulipwa, katika daraja la pili, alilifunga kwa ugoko. Kwa ugoko, wasikilizaji. Mpira ulimgonga ukaingia. Yeye mwenyewe alipenda kulisimulia akicheka, na kusema kwamba mabao mazuri wameachiwa wenye sura nzuri.

Hakuwa na mbio kubwa. Alikuwa na pua ya kunusa mpira unapodondokea. Alipanda na klabu yake daraja la kwanza, akakaa zaidi benchi kuliko uwanjani. Goti likamsumbua. Akaenda Ubelgiji, akaenda Luxembourg, akawa mtu wa mkataba mfupi mfupi. Kisha baba akafa, na wosia wa baba ulikuwa mmoja: nizikeni nyumbani. Valentin akaleta mwili Rugerero. Akaja kuzika, akabaki.

Aliyembakiza ni shangazi yake, Mama Jovia Mukankusi. Wengi mnamjua. Anauza vitunguu na karoti, asubuhi anavuka kwenda Goma, jioni anarudi. Pia alikuwa kiongozi wa kina mama mashabiki wa klabu yetu, Amahumbezi. Alikuwa na kaka mmoja tu, na kaka huyo aliacha mtoto mmoja tu. Kwa Jovia, Valentin ndiye ukoo uliobaki. Akimpoteza huyo, amebaki na makaburi.

Basi Valentin akavaa jezi ya Amahumbezi. Tukafurahi. Halafu, wasikilizaji wapendwa, ukaja ule mchezo.

Mnaukumbuka. Siku ya mwisho ya ligi, uwanja wa Umuganda, miaka miwili iliyopita. Tukishinda tunabaki daraja la kwanza. Sare, tunashuka. Na ilikuwa sare, bao moja kwa moja, muda unakwisha. Jovia alikuwa jukwaani, sauti imemkauka kwa kuimba. Kando yake alikaa Damascène Karekezi, mwenyekiti wa mashabiki, mikono kichwani.

Mpira ukaingia eneo la hatari. Valentin akageuka na beki wa wapinzani mgongoni, akaanguka. Filimbi. Penalti.

Uwanja mzima ulisimama. Jovia alimkumbatia mtu asiyemjua. Alipotazama tena, alimwona mpwa wake anatembea polepole kumwelekea mwamuzi.

"Ule anaenda kusema nini na arbitre?" Damascène aliuliza.

"Anaomba mupira apige," Jovia alijibu.

Hakuwa anaomba mpira. Nahodha wetu alikuwa karibu, naye aliyasikia maneno. Valentin alisema: "Arbitre, hakuniguse. Nilianguka mi mwenyewe."

Mwamuzi alimwuliza tena. Akarudia yaleyale. Penalti ikafutwa. Uwanja ukaunguruma. Dakika zilizobaki Valentin alicheza kama mtu anayefukuzwa. Krosi ikaja, akapiga kichwa, mpira ukagonga mwamba na kurudi uwanjani. Mara filimbi ya mwisho. Tukashuka daraja.

Hakuna moto iliyokubali kumbeba jioni ile. Alirudi nyumbani kwa miguu, na watu wakitembea nyuma yake wakimtukana. Jiwe likatua juu ya bati la Jovia. Kesho yake sokoni wateja walipita mbele ya karoti zake wakaenda kwa jirani. Na kamati ya mashabiki ikakaa ikaamua: Valentin atoe icyiru.

Kwa wageni wa desturi zetu, icyiru ni kinywaji anacholeta mkosaji kwa wenzake ili wamsamehe. Wakishakunywa, kesi imekwisha, hakuna wa kuifufua. Ni desturi nzuri. Lakini anayeileta amekubali kwamba alikosa.

Valentin alikataa. Alimwambia Damascène mlangoni: "Kama ni ile kichwa yenye iligonga mwamba, nitaleta bia hata leo. Kwa ile ingine, hapana."

Jovia alisikia. Aliujua mji wake. Mtu asiyeomba msamaha hapa anakuwa mgeni hata akizaliwa kitongoji hiki, sembuse aliyezaliwa Roubaix. Aliona tayari mpwa wake anapanda ndege. Basi akafanya alichofikiri ni upendo. Alinunua kreti za bia, akazipandisha kwenye moto, akazipeleka kwenye baa wanapokutana mashabiki. Akasema: "Valentin amenituma. Anaomba musamaha."

Wakanywa. Na mji ukalegea. Wateja wakarudi. Wenye moto wakampigia Valentin honi za salamu, naye akashangaa, akafurahi, maskini, akidhani watu wameelewa.

Njia ya mwongo ni fupi. Damascène alikutana naye njiani akampa mkono: "Bon. Tulipokea icyiru yako. Sasa uko mwanaume."

Valentin aliingia nyumbani. Akatoa begi chini ya kitanda. Jovia alisimama mlangoni, anatazama nguo zikiingia moja moja.

"Tantine, juu ya nini ulifanya vile?"

"Nilitaka ubaki."

"Sasa umewaambia mi ni mwenye kosa."

Ndipo akamweleza jambo ambalo hakuwahi kumweleza mtu hapa. Ile mechi iliyowapandisha daraja kule Ufaransa iliamuliwa kwa penalti. Na ile penalti, hakuna aliyemgusa. Alianguka, akasimama, akaipiga mwenyewe, ikaingia. Beki aliyeonyeshwa kadi nyekundu alikuwa kijana wa miaka ishirini. Magazeti yalimla mzimamzima. Mwaka uliofuata hakuwa na timu.

"Baba alikuwa ku tribune, anaangalia," Valentin alisema. "Tuliingia voiture, akaendesha mpaka nyumbani. Hakunisemeshe. Hata neno moja."

Jovia aliketi kitandani. Alimjua kaka yake. Alijua ukimya ule ulivyoweza kuuma kuliko fimbo. Akaelewa kwamba kijana huyu, siku ile pale Umuganda, alikuwa amelipa deni la miaka yote, na yeye shangazi mtu akaenda kumvua heshima hiyo kwa kreti za bia. Aliona aibu. Aliona aibu kubwa.

Jumapili, baada ya misa, alikwenda kwenye baa. Mashabiki walikuwa wamejaa. Alisimama mbele ya meza ya Damascène, mkoba mkononi.

"Nimekuya kuchukua bia yangu," alisema.

Wasikilizaji wapendwa, hilo halifanywi. Icyiru hairudishwi. Kuidai ni kuifungua kesi upya, mbele ya watu wote. Muziki ulizimwa. Mtu mmoja alicheka, akaona hakuna anayecheka naye, akaacha.

"Maman Jovia, nenda nyumbani," Damascène alisema taratibu. "Tulisha kunywa. Kesi ilikwisha."

"Mulikunywa bia ya mutu hana kosa. Hakunitume. Mi njo nilisema bongo, mi njo niliwadanganya, na hapa niko, munihukumu mi. Yeye hana deni kwenu. Nyinyi njo muko na deni kwake."

"Sisi?" Damascène alisimama, kiti kikaanguka. "Timu ilishuka. Batoto balilia. Na sisi njo tumuombe musamaha?"

"Ndiyo."

Walitazamana. Jovia hakutoka mahali pake. Hakuna aliyemletea bia. Mwishowe Damascène aliokota kiti chake akampa mgongo. Jovia akageuka ili aondoke, na hapo mlangoni akamwona Valentin na begi lake, yuko njiani kwenda kituo cha basi. Alikuwa amesikia yote. Alimpokea shangazi yake mkoba, wakarudi nyumbani pamoja.

Alibaki. Alicheza nasi daraja la pili, kwenye viwanja vya mashimo na matope, na mwaka uliofuata mabao yake yakaturudisha juu. Mengi yalikuwa ya ugoko, ya goti, ya bega. Damascène aliyashangilia yote. Lakini mechi ikiisha alipita bila kumsalimu. Jovia naye hakukaa tena jukwaani nao. Alikaa peke yake nyuma ya goli.

Jumanne iliyopita, mvua ikinyesha, moto iliyombeba Valentin iliteleza kwenye mteremko wa kutoka Rugerero. Dereva alivunjika mkono. Valentin hakufika hospitali akiwa hai.

Jana asubuhi, kabla jeneza halijatoka nyumbani, Damascène Karekezi alikuja. Alikuja na mashabiki nyuma yake, na kreti ya bia begani mwake mwenyewe. Aliishusha miguuni pa Jovia mbele ya waombolezaji wote. Alisema: "Maman Jovia, tumeleta icyiru. Mutoto alikuwa na haki. Sisi njo tulikosa."

Jovia aliitazama ile kreti.

"Rudisha, Damascène," alisema. "Mwenye kuikunywa hayuko. Kuya ubebe mutu."

Na Damascène alibeba jeneza. Alibeba mbele, upande wa kushoto, kutoka nyumbani hadi kaburini, akakataa kupokewa. Alilia njia nzima, mzee yule, bila kujifuta.

Kwa Mama Jovia, kwa mama mzazi aliyefuatilia mazishi kwa simu kutoka Roubaix, kwa wachezaji wa Amahumbezi: poleni sana. Mungu amlaze Valentin mahali pema. Na sisi tuliobaki tujiulize. Kama kuna mtu alisema kweli ukamchukia kwa ajili yake, na moyoni unajua alikuwa na haki, ondoka hapo redioni uende kwake. Mimi sitakasirika ukinizima. Nenda sasa hivi, maadamu bado anasikia.