Nilivyochekwa Ikola Nikapona

Sifa kwa Yesu, ndugu zangu! Na tena, sifa kwa Yesu! Nyie mnanijua, mimi ni Neema, fundi simu wa hapa Mpanda mjini. Leo sikuja kutangaza kibanda. Nimekuja kusema Mungu alivyonivua kiburi mchana kweupe!

Nilitengeneza programu ya simu kwa ajili ya wauza dagaa wa Ikola, kule Ziwa Tanganyika. Mama anaandika magunia aliyonayo, mwenye lori huku mjini anaona, anajua aende lini. Maana lori likichelewa na mvua ikanyesha, dagaa wameharibika. Nilihangaika nayo mwaka mzima. Mume wangu akasema ikishindikana safari hii, tunauza kompyuta, tunarudi kulima Kakese. Nikakubali, lakini moyo uliniuma jamani!

Sasa, duka la programu la mtandaoni lina masharti. Linataka kwanza watu kadhaa waijaribu siku kumi na nne mfululizo, bila kuruka. Nikawaomba wanakwaya wetu. Wamama wa ziwani niliwakwepa, nikisema moyoni, wale watanisumbua tu, simu wanajua nini? Siku ya tisa mchungaji akatangaza mfungo wa kuzima simu, na mimi ndiye niliyeitikia Amina kwa sauti kuliko wote! Simu zote zikazimwa. Duka likakataa, likasema nianze upya. Ndugu zangu, nilimnunia Mungu. Nilimwambia, Bwana, nimekutii, mbona unaniaibisha?

Nikiwa naomba hivyohivyo kwa hasira, neno moja likanijia moyoni: nenda Ikola. Nikapanda basi, uso umekunjamana.

Kule nikampata Mama Zuhura, Muislamu, muuza dagaa wa miaka mingi. Akaishika simu, akasoma, akacheka mpaka akakaa chini.

"We mwanangu! Dagaa bado wabichi mchangani, unaniuliza magunia mangapi? Huku hatuhesabu dagaa kabla hawajakauka. Ni kuita mvua hiyo!"

Wenzake wakaangua kicheko. Mwaka mzima, ndugu zangu, na sikuwahi kuwauliza! Nikacheka na machozi yakanitoka, na kile kiburi kikaisha palepale.

Nikakaa kwa Mama Zuhura. Swali la magunia nikaliondoa, nikaweka kitufe kimoja: "Wamekauka." Wamama wakaifungua programu kila siku, siku zote kumi na nne, hakuna aliyeruka. Nikatuma maombi tena kwa lile duka la mtandaoni.

Nilikuwa nageuza dagaa nao juani ujumbe ulipoingia: imekubaliwa, iko dukani! Nilipiga kelele! Mama Zuhura akasema Alhamdulillahi, mimi Haleluya, tukakumbatiana tunanuka dagaa wote wawili. Wiki hiyohiyo mawingu yakatanda. Wamama wakabonyeza kitufe, na lori likafika kabla mvua haijaanza. Na nani amekaa mbele na dereva? Mume wangu! Habari ya kuuza kompyuta ikaishia hapo. Alikunja mikono ya shati, akaanza kupakia magunia.

Asante Yesu! Ndugu yangu unayenisikiliza, kama kuna kazi umeificha kwa kiburi au kwa kuogopa kuchekwa, mkabidhi Bwana leo, kisha uipeleke kwa wale wanaoihitaji. Wakicheka, cheka nao. Mimi nilikwenda nimenuna, nikarudi nimepona.