Salamu ya Asubuhi ya Mwalimu Hironimus Luambano

Mwalimu Hironimus Fulgence Luambano, tunayemlaza leo hapa Matogoro, alizaliwa hapa hapa tarehe 30 Septemba 1948, mtoto wa pili wa mzee Fulgence na mama Emerensiana. Padre aliyembatiza alimpa jina la mtakatifu wa siku hiyo, yule mfasiri wa Biblia. Jina hilo halikumwacha akae bure uzeeni, kama mtakavyosikia.

Alisoma shule ya msingi hapa, kisha chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 1970. Alifundisha Tunduru miaka kumi na minne, baadaye Bombambili hadi alipostaafu mwaka 2008. Wanafunzi wake waliopo hapa wanajua kwamba hakuwa mtu wa fimbo. Alikurudishia daftari limejaa wino mwekundu, ukakoma mwenyewe.

Mwaka 1974 alifunga ndoa na Kunegunda, wakajaliwa watoto watatu: Pankrasi, Hilda na mimi Leticia ninayesoma. Mama alifariki Machi 2011. Msiba ulipokwisha, kila mtoto alirudi kwenye kazi yake, Baba akabaki peke yake katika nyumba ya vyumba vinne.

Hapo ndipo alipoanza Kiebrania. Alisema mtakatifu wake alikijua, naye hakuona sababu ya kushindwa. Padre mmoja alimpa kitabu chakavu, akaanza na vitu vya nyumbani. Alibandika vikaratasi: juu ya mtungi aliandika mayim, maji, mezani shulhan, mlangoni delet. Kila Ijumaa jioni alimpigia simu rafiki yake wa Tunduru, mzee Abdulswamadu, mfanyabiashara wa korosho aliyekijua Kiarabu tangu madrasa, wakalinganisha mizizi ya maneno. Alifurahi wiki nzima walipoona kwamba kitabu, katibu na maktaba, maneno yetu ya kila siku, yana mzizi mmoja na katav, neno la Kiebrania la kuandika. Mzee Abdulswamadu alifariki mwaka 2019. Tangu hapo, Ijumaa jioni Baba alikaa na simu mkononi bila kumpigia mtu.

Tulipokuja likizo alitusalimu asubuhi, “Boker tov.” Alitufundisha kwamba jibu lake ni boker or, asubuhi ya nuru, na kwamba kutoijibu salamu hiyo ni sawa na kupewa shikamoo ukanyamaza. Tulicheka. Mimi nilimwambia, “Shikamoo Baba, chai inapoa.” Akaitikia marahaba, kwa sababu alikuwa na adabu kutuzidi.

Januari 2024 alipata kiharusi, akalazwa wiki tatu. Wageni wa kumjulia hali wangekuwa wengi, na jirani mmoja alishasema nyumba ile inafanana na ya mganga. Basi tulifanya usafi, na vikaratasi nilivibandua mimi, nikavichoma. Aliporudi aliutazama mlango, kisha meza, kisha mtungi. Ulimi ulikuwa mzito. Akitaka maji alinyoosha kidole mahali kikaratasi kilipokuwa, nami nilimletea maji tu. Niliacha kazi nikakaa naye, lakini alipohangaika kutamka salamu yake asubuhi, nilisema “Ndiyo, Baba,” nikaendelea kufagia. Najuta.

Alifariki Jumatano, 11 Juni 2025, saa kumi na mbili asubuhi. Nilikuwa jikoni nawasha moto.

Tulipofunga mlango wa chumba chake ili avalishwe, tulikuta nyuma ya mlango huo kikaratasi ambacho sikukiona siku ile ya usafi. Kimeandikwa mwaka 2012, kwa mwandiko wake wa ubaoni: “Mimi: Boker tov. Leticia: Boker or.”

Ameacha dada mmoja, watoto watatu na wajukuu saba. Bwana ampe pumziko na amani.

Sasa ni saa nne asubuhi. Boker or, Baba.