Kitanda Nilichokipaka kwa Mikono Yangu

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1966, mtoto wa pili wa seremala na mshona nguo, katika nyumba iliyokuwa nyuma ya karakana ya baba yake. Alimaliza darasa la saba mwaka 1981, akashika randa.

Samani zake zilidumu kwa sababu hakubahatisha cha kupaka. Kabla ya kuchagua vanishi au mafuta ya kitani alimuuliza mteja, "Kitakaa wapi, na nani atakimwagia nini?" Meza ya chai aliipa vanishi ngumu. Benchi la barazani aliliongezea mafuta kila mwaka, maana vanishi juani hubabuka. Wateja walimwita Fundi Kioo, kwa jinsi samani zake zilivyong'aa.

Tarehe 12 Juni 1994 alinioa mimi, ninayesema haya huku binti yetu akiandika. Tulijaliwa watoto watatu. Kupiga msasa na kupaka ilikuwa kazi yangu; sifa zilikuwa zake.

Mwaka 2009 alileta kitanda kipya.

"Mama watoto, hiki kipake kama chako. Mwenyewe anataka kidumu."

"Mwenyewe nani?"

"Mteja. We paka tu."

Nilipaka vanishi, nikangoja ikauke, nikasugua, nikarudia, mpaka ubao ukawa laini kama shavu la mtoto. Kumbe kilikuwa cha mke mwenzangu. Mume wangu alihamia kwake, akatuachia vumbi la mbao.

Mwaka juzi mapafu yalimwelemea. Mwenzangu alimrudisha kwangu kwa gari la mizigo, yeye na kitanda kile kile. Nilimuuguza. Siku moja alipapasa ubao wa kichwani, akasema, "Kazi yako imedumu, mama watoto. Haina hata mkwaruzo."

Nikamjibu, "Kazi imedumu. Ndoa ndiyo iliyobabuka."

Akageukia ukutani. Alifariki kitandani humo asubuhi ya tarehe 9 Agosti 2024.

Jeneza lake mnaliona, mbao tupu. Msiwalaumu vijana wa karakana. Shemeji zangu walileta kopo la vanishi: "Shemeji, tusaidie, watu wasije wakatucheka." Nikawauliza swali lake mwenyewe: litakaa wapi, na nani atalimwagia nini? Wakaondoka na kopo lao. Hakuna vanishi ya kuhimili udongo, na mimi kwake nimemaliza kupaka.

Ameacha wajane wawili, watoto watano, wajukuu wawili, na kitanda kimoja ambacho mwenzangu ameshatuma watu kukidai. Hakitoki.

Amani aipate huko aendako.